Jina la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa azikwe kesho yake, na picha ya kuweka mbele ya jeneza ilikuwa kwenye kompyuta ya duka lake hapo Bomani. Ile ni ya Windows, na kioo chake kilikufa tangu Jumatatu. Inawaka, ila haionyeshi kitu. Njia iliyobaki ilikuwa kuingia kwenye mafaili yake kwa mtandao, kwa kompyuta yangu ya Linux hapa nyumbani, nyuma ya duka.

Linux iliiona mashine ya mzee, ikadai jina la mtumiaji na neno la siri. Neno la siri alilibandika ukutani mwenyewe. Nikajaribu mara ishirini, nikakataliwa mara ishirini. Nilitaka kuitupa kompyuta uani.

Mume wangu Joel akapiga simu. "Mama Gati, umeandika jina gani?"

"Baba. Halafu Baba Joel. Halafu Mzee."

"Andika jina lake."

"Unajua siwezi kulitaja. Njoo uandike wewe."

"Niko mochwari, namvalisha."

Katika ukoo huu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina. Miaka kumi na moja sikuwahi hata kulinong'ona. Nikaliandika herufi moja moja, machozi yakidondokea kibodi, nikijiona kama namvua nguo mbele za watu.

Mafaili yakafunguka. Nilikuwa nimemwita kwa mara ya kwanza, na iliyoitika ni mashine.