Goti Mbele ya Mama Mkwe

Fundi vigae alikuwa amepiga magoti miaka ishirini na miwili kwenye sakafu za watu, na sasa goti la kulia liligoma. Nyama laini iliyo kati ya mifupa ilichanika siku aliponyanyuka na boksi la vigae huku amejipinda. Daktari akaishona, kisha akamkabidhi kwa dada wa mazoezi ya viungo, binti mwembamba asiye na mzaha. Huyu alimwambia wazi: lala chali sakafuni, vuta kisigino taratibu kuelekea makalio, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Ndani ya wiki sita goti likunjike nyuzi tisini, sawa na kona ya kigae, la sivyo litakakamaa hivyo hivyo. Na fundi vigae asiyeweza kupiga magoti ni wa kazi gani? Wa kuwashikia wenzake tochi.

Lakini hebu niambie, atalala chali wapi? Chumbani kitanda kimejaa ukuta hadi ukuta, na godoro lenyewe limebonyea. Sakafu ya kutosha ilikuwa sebuleni tu, kati ya meza na kochi. Na kwenye kochi alikaa mama mkwe.

Alikuja siku ya pili baada ya mgonjwa kutoka hospitali. Alipanda ghorofa nne na begi lake, akaketi, akatangaza kuwa amekuja kumuuguza mwanawe. Mke aliondoka kwenda kazini alfajiri, akarudi jioni. Mchana kutwa walibaki wao wawili. Shikamoo mama, marahaba baba, basi. Sasa mwanamume mzima avae kaptula, alale chali, akunje mguu mbele ya mama aliyemzaa mkewe? Afadhali goti life.

Basi akajifungia chumbani na suruali yake ndefu, akisikiliza kikohozi cha sebuleni. Alichukia dari, alichukia pazia, na zaidi alijichukia mwenyewe. Dada wa mazoezi alipopiga simu, alijibiwa, "Nafanya, dada, kama ulivyosema."

Usiku mmoja alimnong'oneza mkewe, "Mama anaondoka lini?"

"Anasema haondoki mpaka upone."

"Na mimi siponi mpaka aondoke!"

Mke alicheka hadi akaziba mdomo kwa shuka. Kisha akaona mwenzake hacheki. "Sasa nimfukuze mama yangu?" aliuliza.

Wiki ya tano dada wa mazoezi alikuja mwenyewe na kipimo chake cha plastiki. Nyuzi hamsini na tano.

"Fundi, umenidanganya. Umebakiwa na siku saba. Kitu gani kinakuzuia?"

Fundi aliinamisha kichwa. Mama mkwe alimtazama, akaitazama ile suruali ndefu, akaelewa yote bila kuambiwa.

Asubuhi iliyofuata alimwita. Meza ilikuwa imesogezwa, mkeka umetandikwa, na yeye ameketi kwenye kiti akiukabili ukuta.

"Vaa kaptula yako, baba. Mimi naangalia rangi hapa. Nitakuhesabia."

Alilala, akazungusha taulo kwenye unyayo, akavuta. Moja. Mbili. Kufikia ya nne jasho lilimwingia machoni. Ya sita, akaachia.

"Imetosha, mama. Nimekutesa bure hapa juu. Nenda zako nyumbani ukapumzike, nitajitahidi mwenyewe."

Mama mkwe alijisugua magoti.

"Niende na magoti gani?" aliuliza, uso bado ukutani. "Yangu yameisha yote mawili. Siku ile nilipanda ngazi zenu kwa kushika ukuta, na ghorofa ya tatu nilikaa chini nikalia. Kushuka siwezi. Niliona haya kukwambia, ndiyo nikasema nauguza."

Fundi alibaki chali. Wiki tano alimhesabu kuwa mlinzi wake, kumbe na yeye ni mfungwa.

"Tumwambie dada wa mazoezi, mama. Na mke wangu atafute watu wakubebe."

"Mimi sibebwi na watu baki. Nitashuka nimeshika bega la mwanangu, au sishuki kabisa." Sauti ilimtetemeka, akaikaza. "Saba, baba. Vuta."

Fundi akaishika taulo kwa mikono miwili.