Sifuri ya Naoya

Kwenye ukingo wa kila jukwaa tunalochezea hubandikwa namba. Sifuri iko katikati, kisha moja, mbili, tatu, kwenda kulia na kwenda kushoto. Mcheza dansi hatazami chini. Anaziona namba hizo kwa pembe ya jicho na kujua mahali pake. Kwingine sifuri ni aibu. Kwetu ndiyo heshima, maana anayesimama hapo kwenye kiitikio cha mwisho ndiye anayetafutwa na kamera.

Kwa miaka minne mahali hapo palikuwa pangu. Wimbo wetu "Mwavuli Mmoja" tuliutoa kwanza Seoul, kwa Kikorea. Kiitikio cha mwisho kikianza, nilikuwa nikitoka namba mbili ya kushoto, hatua sita, nageuka, nasimama kwenye sifuri. Mwaka huu kampuni inayosimamia kundi letu ilipotaka tuutoe kwa Kijapani, mwalimu wetu wa dansi, Baek Hye-ran, alibadilisha mpangilio.

"Huu ndio wimbo wetu wa kwanza kwa lugha ya Naoya," alisema. "Sifuri akae yeye. Tae-seop, wewe utaishia moja ya kushoto."

Nikasema sawa. Kusema kweli nilidhani ni sawa.

Naoya ndiye Mjapani pekee kati yetu watano, na ndiye mdogo wetu. Alikuja Seoul na miaka kumi na tano, hajui hata kuomba maji kwa Kikorea, nami nikapangiwa kukaa naye chumba kimoja. Sasa ana ishirini na moja. Wimbo huu alituandikia yeye, mstari kwa mstari, Kijapani kwa herufi za Kikorea, akabandika karatasi kwenye mlango wa friji. Nilikuwa nikifungua kutafuta kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, nasomeshwa.

"Kaka Tae-seop, hapo usikaze ulimi."

"Sikazi. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Basi mwambie aliyekuumba tuna wiki mbili tu."

Onyesho la kwanza lilikuwa Osaka, Jumamosi mchana. Tulicheza vizuri hadi kiitikio cha mwisho. Hapo kinywa changu kikaimba Kijapani, na miguu yangu ikacheza Kikorea. Hatua sita, nikageuka, nikasimama kwenye sifuri.

Hadi hapo lilikuwa kosa la mwili, na mwili husameheka. Lakini nilipogeuka nilimwona Naoya anakuja, mikono imeshafunguka, macho yameshainuka kuitafuta kamera. Nilikuwa na nusu ya mdundo ya kurudi pembeni hatua moja. Ni muda mfupi, lakini kwa mtu wa kazi yetu ni muda unaotosha. Sikurudi. Naoya akajikunja ili asinigonge, kiatu kikateleza, akaanguka kwa goti nyuma yangu. Kamera ilikuwa imeelekezwa kwenye sifuri. Ilinikuta mimi, natabasamu.

Jumapili asubuhi tulikaa kwenye kikao cha kujitazama. Baada ya kila onyesho tunaangalia picha zake za video pamoja, na kila mmoja anataja kosa lake mwenyewe, kuanzia mdogo hadi mkubwa. Hakuna anayetaja kosa la mwenzake. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo humalizia.

Kwenye picha sifuri ilikuwa imenijaa mimi. Goti la Naoya halikuonekana, ila kichwa chake kikiibuka begani kwangu, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu chini.

"Nilichelewa kiitikio cha mwisho," Naoya alisema. "Samahani sana, mwalimu. Samahani, kaka zangu." Aliinama na kukaa hivyo kwa muda.

Mu-yeol, mwenzetu ambaye hawezi kuona kimya akakiacha, alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji aanguke. Sisi tumefika Japani salama, mwenye nchi ndiye kapotea njia."

Wawili wakacheka. Naoya naye akacheka kidogo, kwa adabu.

"Tae-seop aliona nafasi iko wazi, akaiziba," mwalimu Baek alisema. "Huko ndiko kuwa na akili jukwaani. Jifunzeni."

Zamu yangu ilipofika nilisema bega langu la kulia lilishuka kwenye ubeti wa pili. Ilikuwa kweli, lilishuka. Nilichagua ukweli mdogo nikauweka mbele ya ule mkubwa.

Mwalimu Baek akafunga kompyuta. "Jumanne Tokyo, runinga inarekodi. Siwezi kubahatisha. Tunarudisha mpangilio wa zamani. Tae-seop, sifuri."

Naoya akaitikia, "Ndiyo, mwalimu." Hakunitazama. Nilijua kwa nini ile Jumanne ilikuwa kubwa kwake. Bibi yake, aliyemlea, hakuwahi kumwona jukwaani hata mara moja, na alikuwa anakuja kwa treni kutoka Toyama. Naoya alikuwa amemwambia kwa simu, nikiwa kitandani pangu, kisha akanitafsiria: mwishoni mwa wimbo usihangaike kunitafuta, bibi, tazama katikati tu.

Jumapili yote sikusema. Nilijiambia nitasema wakati wa chakula, kisha nikajiambia nitasema kwenye treni ya kwenda Tokyo. Kwenye treni Naoya alinimenyea yai la kuchemsha, kama anavyofanya siku zote, akanipa. Nilikula. Sijui niliwezaje.

Jumatatu mchana, katikati ya mazoezi, muziki ulipozimwa nilisema mbele ya wote.

"Mwalimu, Osaka Naoya hakuchelewa. Mimi nilicheza mpangilio wa Kikorea. Nilimwona anakuja, sikusogea."

Mu-yeol alikuwa anakunywa maji. Akashusha chupa.

"Kwa nini hukusema jana?" mwalimu Baek aliuliza.

"Ulinisifu. Nilipenda ulivyonisifu."

Akamwita mkalimani wetu, Bi Seon-hwa, wakatoka na simu. Walikaa nje kama dakika kumi. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa.

"Mpango wa kamera niliutuma jana usiku, sekunde kwa sekunde. Taa pia zimepangwa kukufuata wewe. Watu wa runinga wamekataa kubadilisha." Alifunga nywele zake upya. "Kesho utasimama pale. Na usimame vizuri, maana ukiharibu utakuwa umemwangusha mara mbili."

Nilimkuta Naoya sakafuni, anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Ulijua," nilisema.

"Nilikuwa nahesabu, kaka. Mimi sichelewi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje mbele yako?" Akavuta kamba tena. "Nilikuwa nangoja zamu yako."

Jioni ile nilimwomba Bi Seon-hwa anipe sentensi mbili za Kijapani. Nikaziandika kwa herufi za Kikorea, kama Naoya alivyotufundisha, nikazirudia hadi zikakaa.

Jumanne nilicheza bila kosa. Hatua sita, nikageuka, taa ikanifuata, nikatabasamu, kwa kuwa kutabasamu ni kazi. Safu ya nne nilimwona kikongwe mdogo mwenye koti la kijivu. Alikuwa anatazama katikati, kama alivyoambiwa. Kisha niliona kichwa chake kikigeuka taratibu, kulia, kushoto, kinatafuta.

Baada ya onyesho alikuja kwenye ukumbi mdogo wa nyuma, amebeba kasha la mviringo la mbao, lenye wali wa kukandamiza na samaki juu yake, chakula cha kwao. Kabla sijafungua mdomo aliniinamia. Mtu wa miaka themanini na moja aliinama mbele yangu hadi nikaona utosi wake.

"Anakuomba radhi," Naoya alisema kwa sauti ya chini. "Kwa ajili ya Osaka. Jumapili nilimwambia nilichelewa. Anakushukuru kwa kuziba nafasi yangu."

Nilitoa karatasi mfukoni, ingawa maneno nilikuwa nayajua. Nikasoma: *Hakukosea yeye. Nilikosea mimi, nikanyamaza.* Hakuelewa matamshi yangu. Nikasoma tena, polepole, ulimi bila kuukaza.

Safari hii alielewa. Aliinuka. Alimtazama mjukuu wake, kisha akanitazama mimi, bila hasira niliyoweza kuiona, akasema jambo moja fupi.

Nilimgeukia Naoya.

"Nitafsirie," nikasema.

"Anauliza, sasa mimi nitasimama pale lini."

Lilikuwa onyesho la mwisho la wimbo ule. Kesho yake tulikuwa tunarudi Seoul kuanza wimbo mwingine, na Naoya alijua hivyo, nami nilijua. Nilitazama karatasi yangu. Sentensi zilikuwa mbili tu.

Bibi alingoja kidogo. Kisha akanikabidhi lile kasha kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa amelibeba kutoka Toyama kwa ajili yangu, nami nikalipokea kwa mikono miwili.