Siku Ishaka Alipoacha Utani

Mwanamkasi alikuwa na neno moja tu la kusema pale uani, kijijini Fukayosi, na hakulisema.

Darasa lao la ustawi wa jamii lilitoka Dar kuja kuhoji kaya. Mwalimu Anold ndiye aliyekichagua kijiji, kwa kuwa Mwanamkasi ni mzaliwa wa hapo. "Mwenyeji wetu," alimwita njiani, na binti akajikunyata kwenye kiti. Walipofika, hakukuwa na wa kuhojiwa. Mzee Bwanausi, jirani aliyemlea Mwanamkasi kama mjukuu, alifariki usiku, na kijiji kizima kilikuwa msibani. Mwalimu akasema basi waende kuhani. Wasichana wakajitanda khanga, wakaingia uani.

Ndipo akatokea Ishaka.

Ishaka ni Mnyamwezi, mkulima wa mananasi, mtani wa Wakwere wote, wenyeji wa hapo, na wa Bwanausi kuliko wote. Alikuwa amevaa kanzu ya marehemu na kofia ya marehemu, bakora ya marehemu mkononi, na anakohoa kikohozi kilekile cha marehemu. Mkono wa pili alishika bakuli la uji. Akasimama mlangoni kwa mjane, Bi Mgeni, ambaye tangu usiku alikuwa hajatia kitu kinywani wala hajatoa chozi.

"Mke wangu, nimerudi! Huko nilikokwenda wameniuliza, umekula? Nikasema wapi, mke wangu mchoyo. Haya, kunywa. Usipokunywa naunywa mimi, na nyumba naichukua, na wewe nakurithi!"

"Toka hapa, mpagazi we!" Bi Mgeni akajibu kutoka ndani. "Hata kanzu yenyewe imekukataa, inaburuza chini kama ya bibi harusi..." Akacheka, na ndani ya kicheko kile kilio kikapata pa kupitia. Akanyoosha mkono kupokea bakuli.

Kila mtu uani alijua kinachofanyika, isipokuwa wageni.

Vicky, anayelala chumba kimoja na Mwanamkasi chuoni, akamnong'oneza: "Shoga, kumbe kwenu ndio mnazika hivi? Mbona kama vichekesho vya kwenye simu?" Wenzake wakacheka chinichini.

Mwalimu Anold hakucheka. Tumpe haki yake: hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Amewahi kuona wajane wakitolewa nje na mashemeji kabla hata ya arobaini. Tena alikuwa amesoma. Akauliza kwa upole: "Mwanamkasi, au huu ni ule utani tuliousoma kwenye anthropolojia? Wewe ndiye mwenyeji. Niambie."

Angesema ndiyo, yangekwisha.

Lakini kwa muhula mzima Mwanamkasi alikuwa amekariri majina ya wataalamu wa nchi za baridi, waliopima huzuni, waliopanga familia kwa mafungu, na watu wa kwao aliwakuta kwenye sura moja tu, ile ya vikwazo vya mila. Somo moja halikuwemo kwenye ratiba, na hilo ndilo alilofaulu kuliko yote: kuionea haya Fukayosi.

"Utani upo, mwalimu," akasema. "Lakini huyu amezidi. Hata sisi wenyewe hatuyapendi."

Mwalimu akampigia simu mtendaji wa kijiji, mgeni aliyehamishiwa hapo juzijuzi. Mgambo wakaja, wakamkamata Ishaka. Wanawake wakapiga kelele, na Bi Mgeni akafika mpaka kizingitini: "Mwacheni! Mwacheni mtani wangu!" Mwalimu akawageukia wanafunzi, akawaeleza taratibu kwamba mara nyingi anayeonewa humtetea anayemwonea. Nadharia ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mama yule. Bi Mgeni akaliweka bakuli chini, akarudi ndani.

Wenye vyeti hutuambia kazi hii ya ustawi wa jamii ililetwa na Mwingereza, na vituo vyake vya ustawi vya kuwatuliza askari waliorudi vitani. Haya, na wapagazi wa Kinyamwezi je? Wale waliofika pwani hii migongo imechubuka kwa pembe za ndovu za watu wengine, nani aliwapokea? Hawa hawa Wakwere. Waliwapa maji, wakawatukana, wakatukanwa, wakazikana. Ahadi ile ndiyo Ishaka aliyokuwa ameivaa mwilini. Haikuwa na cheti, kwa hiyo ikakamatwa.

Alasiri wanaume wakabeba jeneza, bila mtani wa kulizuia njia na kudai kilemba chake, ada ya mtani. Uji mlangoni ulikuwa umefanya utando, na Bi Mgeni amegeukia ukutani. Mwanamkasi akautazama utando ule, akaondoka kwenda ofisi ya kijiji, alikofungiwa Ishaka na alikokuwa mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa utani. Hakuzidi kitu."

Mwalimu Anold akamgeukia. "Lakini nilikuuliza," akasema. Afadhali angemtukana.

Ishaka aliachiwa watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Tangu Mwanamkasi ana meno ya utoto, mzee huyo hajawahi kumwita bila kumtukana: mchumba wangu masikio ya popo, mke wangu usiyejua kupika. Sasa Mwanamkasi akalitamani tusi kama mwenye kiu. Amdai kuku, amwaibishe mbele ya watu, yaishe.

Ishaka akaingia uani na kanzu ya marehemu ameikunja begani. Akaketi mkekani na wanaume wengine, kimya. Dirishani, Bi Mgeni akafunua pazia kidogo, akangoja.

Mwanamkasi akaupasha uji moto, akampelekea Ishaka mbele ya watu wote. "Wewe mpagazi," akasema, "umetoroka mzigo tena? Mpe mkeo uji, la sivyo nakutwisha pembe!"

Hakuna aliyecheka. Ishaka akainuka, akafuta mkeka kwa kiganja pale alipokuwa amekaa.

"Karibu ukae, afisa," akasema kwa adabu tele, ile apewayo mgeni. "Sisi tutakupisha."

Dirishani pazia likashuka. Mwanamkasi akabaki amesimama, bakuli linamchoma viganja, hana pa kuliweka.