Ukuta Nyuma ya Lambri

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Marceline Mujinga alikuwa ameshakwangua kuta mbili za darasa la pili. Alitaka kumaliza ukuta wa tatu kabla ya kengele, maana watoto wakishaingia, ngazi yake isingekuwa na pa kusimama. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha mtaani Panda, na sasa jua lilitoka kwa ghafla, uwanja wa shule ukafuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Ijumaa wakubwa wangekuja kupokea rasmi kazi ya ukarabati, na yeye alikuwa amepewa siku tatu kupaka madarasa manne. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwenye mikono mirefu na sifa moja mjini Likasi: rangi ya Marceline haibanduki.

Ukuta wa tatu ndio ulioelekea uwanjani. Alipoweka kikwangulio chini kabisa, karibu na dawati la mwisho, rangi haikutoka maganda makavu kama kwingine. Ilivutika kama utando wa maziwa. Chini yake lipu ilikuwa na rangi ya chai, nayo ilikuwa baridi. Akapiga magoti, akanusa. Ilikuwa harufu ya gunia lililosahauliwa barazani msimu mzima.

"Weye unanificha kintu," aliuambia ukuta, akatoka nje.

Upande wa nje, mwaka uliopita, mkandarasi kutoka Lubumbashi alikuwa ameufunika ukuta huo kwa lambri, yaani mbao nyeupe za plastiki zilizopigiliwa juu ya fito. Kutoka barabarani shule iling'aa kama meno mapya. Lakini Marceline hakusimama barabarani. Aliweka shavu lake karibu na ukuta, akafumba jicho moja, akatazama kwa urefu wake wote. Katikati, lambri ilikuwa imetoa kitumbo. Misumari ya hapo ilikuwa imelia machozi ya kutu. Sisimizi walikuwa wakihama kupitia mwanya, wamebeba mayai yao. Akainua macho: mfereji wa paa ulikuwa umekatika palepale juu, na maji yote ya usiku yalikuwa yameshukia nyuma ya lambri, si mbele yake.

Akageuza kikwangulio na kuanza kugonga kwa mpini, kutoka pembeni. Ko, ko, ko. Sauti ya utupu, kama inavyopaswa. Alipofika kwenye kitumbo ikawa pu. Akarudia. Pu. Hakuhitaji kugonga mara ya tatu. Baba yake alikuwa fundi wa kukarabati nyumba za kambi ya wafanyakazi, miaka ishirini na saba, na tangu utotoni Marceline alikuwa akimbebea ndoo. Kugonga ukuta na kuusikiliza alikujua kabla ya kujua kusoma.

Mkuu wa shule, Madame Joëlle, aliingia getini na funguo zake mkononi.

"Mama Marceline! Itaisha kweli mbele ya Ijumaa?"

"Madame, kuya uone."

Marceline akachomeka kisu kwenye mwanya wa lambri. Kikaingia hadi mpini bila kusukumwa. Kilipotoka kilikuwa kimepakwa matope mekundu.

"Hii mur, hii ukuta, iko inaoza mu ndani," alisema. "Minye siwezi kupaka rangi juu ya matope. Na batoto basiikale humu leo."

Joëlle alitazama getini, ambako watoto wa kwanza walikuwa wameanza kuingia wakiruka madimbwi. Aliyemtangulia kwenye kiti cha mkuu aliandika barua moja tu, kuhusu vyoo, na mwezi uliofuata alihamishiwa shule ya mbali, njia ya Buluo, bila kuambiwa kosa lake.

"Ku bureau nitasema nini?"

"Utasema ukweli."

"Ukweli haiko na muhuri, mama."

Hata hivyo alipiga simu ofisini. Kengele ilipolia watoto hamsini na watatu waliingia, na Marceline akayasukuma madawati yote upande wa pili wa chumba, mbali na ukuta ule. Walibanana wanne wanne. Mwalimu alitazama uso wa Marceline, kisha akahamisha na kiti chake.

Bwana Blaise wa ofisi inayosimamia kazi za shule alifika saa mbili na nusu kwa pikipiki. Viatu vyake vilikuwa safi, akavisikitikia alipoona uwanja.

"Mama, weye tulikuita kupaka rangi. Haukuitwa kupasua."

"Sijapasua bado, chef."

"Sasa shida ni nini?"

"Hii matofali haikuchomwa. Ni udongo mubichi. Zamani mvula ilikuwa inapiga ukuta, jua inakausha, inaisha. Sasa mayi inaingia nyuma ya lambri, haiko na njia ya kutoka. Ukuta inakunywa tu. Udongo iko inarudi ku udongo."

Blaise alicheka kidogo. "Unyevu! Mwezi wa pili, nyumba gani ya Likasi haiko na unyevu? Paka rangi ya mafuta, itafunga."

"Itafunga macho ya bantu."

"Weye uko ingénieur?"

"Hapana. Lakini minye natengeneza mur tangu weye ulikuwa unabebwa mu mugongo."

Mlinzi, aliyejifanya anafagia, aliacha kufagia. Blaise akatoa simu mfukoni, akairudisha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba ripoti imekwisha kuandikwa, kwamba Ijumaa ni Ijumaa, na kwamba mafundi wa rangi hawakosekani mjini.

Marceline alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua nyundo yake ya kung'olea misumari.

"Madame la directrice," alisema bila kugeuka, "andika kama ni minye nimefungua. Minye mwenyewe, saa tatu kasoro."

Misumari ilitoka bila kelele. Miwili aliitoa kwa vidole. Lambri ya kwanza ilipoanguka, fito ya nyuma yake ilibaki ikining'inia, nyeusi, imeota kuvu nyeupe kama nywele za bibi. Matofali ya safu tatu za chini hayakuwa matofali tena. Yalikuwa uji mzito, na sehemu yake ikaporomoka polepole juu ya viatu vya Blaise.

Marceline akasukuma kidole kwenye tope. Kilienda. Mkono ukafuata hadi kiwikoni. Halafu akahisi kitu chembamba kikipasuka, na kelele za watoto zikalipuka upande wa pili.

"Madame!" aliita mtoto mmoja ndani. "Mur iko inazaa kidole!"

Darasa zima lilicheka. Joëlle hakucheka. Alikimbilia ndani, akaona kidole cha fundi kikichungulia kwenye ukuta, palepale lilipokuwa dawati la mwisho jana. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ile anayotumia uwanjani Jumatatu, wakati wa wimbo wa taifa.

"Musimame. Kila mutu daftari yake. Tunaenda ku salle ya parokia. Bila kukimbia."

Walivuka barabara kwenda ukumbi wa parokia wakiwa wameshikana mikono. Blaise alibaki akiita, "Madame, bila ruhusa! Bila ruhusa ya bureau!" Joëlle alikuwa mbele ya msafara na hakugeuka.

Saa tano Blaise alirudi na Ghislain, seremala mzee wa Panda. Ghislain na Marceline walikuwa wamenyang'anyana kazi kwa miaka kumi na hawakusalimiana isipokuwa msibani. Naye Ghislain hakumtazama. Aliokota lambri, akaiegesha mahali pake, akaweka msumari wa inchi nne na kuupiga mara moja. Ukazama mzima, na kichwa chake. Akachukua mwingine, akausukuma kwa kidole gumba. Ukazama vilevile.

Alisimama akiutazama ukuta, nyundo ikining'inia mkononi.

"Piga pembeni kidogo," Blaise alisema.

Ghislain alipiga pembeni. Kipande cha udongo chenye ukubwa wa mkate kikaanguka.

"Chef," alisema akifuta nyundo kwenye suruali, "mujukuu yangu iko mu hii darasa."

"Ni ya siku mbili tu. Mpaka Ijumaa."

"Njo ile siku mbili iko inanitisha."

Akakusanya vifaa vyake. Alipompita Marceline alisimama. "Bonjour, mama," alisema, akaenda zake.

Mchana, Blaise alivua koti akafanya kazi mwenyewe. Alifunga lambri kwa waya kwenye nguzo ya paa, juu na chini, mpaka kitumbo kikaonekana kama hakipo. Kisha akavuka barabara, akapiga picha tatu kwa simu. Kwenye picha shule ilikuwa nzuri kabisa. Alizituma papo hapo, akasimama akisubiri, simu ikalia kwa jibu, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Alirudi na karatasi. Ilisema kwamba fundi wa rangi ameharibu ukuta uliokuwa katika hali nzuri.

"Sinye hapa, weka saini yako. Na ku liste ya bafundi, jina yako imetoka. Usilete tena maneno kwetu."

Marceline aliisoma yote, mstari kwa mstari, huku akisubiriwa. Akaomba kalamu. Juu ya nafasi ya saini akaandika kwa herufi kubwa, kama anavyoandika bei za rangi kwenye makopo: UKUTA UMEOZA. MFEREJI UMEKATIKA. NIMEUFUNGUA MIMI, WATOTO WAMETOLEWA NDANI. Ndipo akatia saini.

"Umeharibu karatasi!"

"Iko na karatasi zingine mingi, chef."

Blaise aliikunja, akaitia mfukoni, akawasha pikipiki. Joëlle alikuwa amerudi kutoka parokia. Alilifunga darasa la pili kwa kufuli, akaupima ufunguo mkononi, halafu akautia kifuani, ndani ya blauzi.

"Bataniuliza Ijumaa," alisema.

"Bataniuliza na minye. Utaniita, nitakuya."

"Batanihamisha, Marceline."

Marceline hakumdanganya. Alikunja ngazi, akapanga makopo ambayo hayakufunguliwa.

"Ile entrepreneur ya Lubumbashi," aliuliza, "alipigilia lambri ku shule ngapi?"

Joëlle alihesabu kichwani. "Hii yetu. Ile ya karibu na gare. Na moja iko ku njia ya kwenda Kakanda."

Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana tena upande wa milima. Marceline alimwachia mlinzi ngazi na makopo, akabaki na kisu na nyundo tu, akatembea kwa hatua za mtu aliyechelewa. Alifika shule ya karibu na stesheni wakati watoto wa zamu ya mchana walikuwa darasani, wakiimba jedwali la saba. Lambri zilikuwa nyeupe, safi, zimenyooka. Mwalimu mmoja kijana alitoka kumwuliza anatafuta nani.

"Sitafute muntu," Marceline alimjibu, huku ameshaweka shavu ukutani na kufumba jicho moja. "Nionyeshe tu: mvula ya huku inapigaka upande gani?"