Kiti cha Nyuma

Mwanamke wa kodi alituuliza swali moja tu, likatumaliza nguvu: "Gari lilikuwa la nyumbani au la kazi?"

"La vyote viwili, dada," binti yangu akajibu. Yeye huoka mikate na kuipeleka madukani. Mnunuzi wa gari alikuwa nje anatusubiri, na fedha yake ilikuwa ya kununulia jiko la umeme, maana moshi wa mkaa umeshamharibu binti yangu kifua.

"Hesabu zako zinasema la kazi lote. Miaka yote umepunguziwa kodi kwa uchakavu wa gari zima. Sasa unaliuza kwa bei kubwa kuliko thamani iliyobaki kwenye hesabu. Ziada yote hiyo ni faida ya biashara, inakatwa kodi."

Binti akanigeukia. Nikajua kosa limetoka wapi. Limetoka chumbani kwangu.

Siku za kazi tulikuwa tunang'oa kiti cha nyuma ili trei za mikate zienee. Kiti kinaletwa chumbani, nakikalia mimi. Jumamosi tunakirudisha garini, marehemu mume wangu anajilaza juu yake, anapelekwa kusafishwa kidonda. Sasa mpwa wangu anayetuandikia hesabu huja siku za kazi tu. Kila akija anakuta gari tupu. Alikaa na mimi kwenye kiti hicho hicho, akanywa chai yangu, akaandika gari la mikate. Binti akatia sahihi bila kusoma, mikono imejaa unga.

Nikamwambia yule wa kodi, "Mwanangu, twende nje ukaone nati za kiti."

"Bibi, nati zitanisaidia nini?"

"Twende tu. Ila univumilie, miguu yangu hii haina haraka."

Akaingiza kichwa garini. Nati za viti vya mbele zimeshika kutu. Za kiti cha nyuma zinang'aa kama kijiko, pembe zimelika kwa spana.

"Hiki mmekifungua mara ngapi?"

"Kila wiki kinatoka trei ziingie, kinarudi marehemu mume wangu apelekwe hospitali, mpaka mgongo ukasahau kunyooka."

Akacheka kidogo. "Nimekuamini, bibi. Kwa hiyo nusu ni ya nyumbani, na kodi ya leo inashuka. Lakini dada, sikiliza. Ikiwa hivyo, nusu ya nafuu uliyopewa miaka ya nyuma haikuwa haki yako. Utairudisha, na faini juu."

"Jiko litapatikana hapo?"

"Sidhani."

"Na nikisema la mikate lote?"

Akatazama pembeni. "Jiko dogo utapata. Maelezo ni yako, sahihi ni yako."

Binti alikitazama kiti, akikohoa.

"Andika nusu," akasema. "Baba hakuwa mkate."

Mnunuzi naye akakikataa kiti. "Mimi nabeba kabichi, bibi. Kabichi hazikai kwenye viti."

Basi binti akainama na spana, mimi nikazikinga nati kwa upindo wa nguo kama siku zote. Gari likaondoka. Tukabaki kando ya barabara tumekikalia kiti, tunangoja mtu wa mkokoteni, na wapita njia wanatushangaa.

"Na kifua chako?" nikamuuliza.

"Kimeshazoea, mama. Hebu sogea kidogo nijinyooshe."

Nikasogea.