Kipimo cha Mguuni

Mzee Raymundi Mahona alinifundisha shikamoo kwa konzi. Alikuwa katekista wetu pale Itetemia, na mtoto aliyemwamkia huku amesimama wima alipata konzi moja ya utosini, kisha maelezo: "Shikamoo maana yake nashika miguu yako. Sasa wewe umeshika nini, hewa?" Tulipiga magoti mpaka vumbi likaingia kwenye soksi.

Mimi ni Levina, muuguzi wa usingizi. Watu hutuita wapiga nusu kaputi, na kazi hiyo nilijivunia kupita kiasi. Ndugu wa mgonjwa akianza kunieleza hofu zake nilimkatiza: mama, tuache maneno, namba zitasema.

Mzee Raymundi alianguka kutoka mtini akitundika mzinga wa nyuki, akavunjika bega la kushoto. Alikuwa na miaka sitini na tisa, presha ya kupanda, na ubishi wa kupanda miti hivyohivyo. Daktari Anselm, bingwa wa mifupa, alitaka amfanyie upasuaji akiwa ameketi, kitanda kimekunjwa kama kiti cha uvivu, kichwa juu, miguu chini, maana hivyo bega linafikika vizuri. Kabla sijamchoma dawa Mzee alinitania.

"Levina, leo mkubwa ni wewe. Usije ukanilipa konzi zangu nikiwa nimelala."

Tukacheka wote. Ndiyo sentensi ya mwisho niliyoisikia kutoka kwake.

Mkono wake wa kulia, ule usioumia, ulibeba vyote viwili, dripu na kitambaa cha presha. Kila kitambaa kilipojaa upepo dripu ilisimama, na mashine ikapiga kelele. Ilinikera. Ningeweza kutafuta mshipa mguuni nikahamishia dripu huko. Nilifanya kilichokuwa rahisi: nikakivua kitambaa mkononi, nikakifunga kwenye ugoko. Halafu daktari akalalamika kwamba damu inamzuia kuona, akaomba nishushe presha kidogo. Nikaishusha hadi mia moja na kumi. Kidoleni oksijeni ilisoma tisini na tisa. Nikaridhika, nikakaa kwenye kigoda changu.

Mwenye nyumba ya ghorofa yeyote hapa mjini anajua kwamba bomba la uani linaweza kutoa maji na la juu likakauka. Chuoni tulifundishwa kwa mfano huohuo. Mgonjwa akiketishwa, presha ya mguuni ni bomba la uani, na ubongo uko ghorofani. Kila shubiri unayopanda kutoka ugoko hadi sikio, presha inapungua. Kidole nacho kilikuwa huko chini, kikinywa oksijeni yake bila shida. Ipo mashine ya kubandika kwenye paji la uso inayosoma oksijeni ya ubongo wenyewe, sisi hatuna. Lakini sikuhitaji mashine. Nilihitaji hesabu ya kutoa ya darasa la tano tu, na sikuifanya. Kwa saa moja na nusu ghorofani hapakufika maji ya kutosha.

Alichelewa sana kuzinduka. Jioni, wodini, alifumbua macho, akanitazama, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

Ilinitoka tu, mdomo umezoea. Mzee aliyenipiga konzi ananishika miguu, na mimi naipokea. Niliposikia nilichosema nilitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi ikawa wazi kwamba hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Akitaka maji, shikamoo. Bega likimuuma, shikamoo. Mkewe, Mama Pelagia, alijitaja jina mara tatu, na mara tatu mumewe alimwamkia kama mgeni.

Daktari Anselm aliniita pembeni. "Presha ilikuwaje?"

"Nzuri. Mia na kumi."

"Ulipima wapi?"

"Mkononi," nikasema. Na kwenye fomu nikaandika mkono wa kulia.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Huyu hakuwa maiti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Siku ya tatu Mama Pelagia alinivuta hadi nyuma ya wodi, machozi yamemjaa.

"Mwanangu, nisitiri. Mlinikataza, lakini alfajiri ya upasuaji nilimpa uji. Vikombe viwili tu, alisema ana njaa. Ni ule uji, eti?"

Uji haufanyi hivyo. Nilijua haufanyi hivyo. Nikamwambia, "Ndiyo maana huwa tunakataza, mama." Kwa upole kabisa, na mkono nikamwekea begani. Nikilikumbuka pendo lile la uongo hadi leo uso unaniwaka.

Walirudi Itetemia. Miezi miwili baadaye, Jumapili, nilikuwa kanisani kulekule Itetemia, kwenye foleni ya komunyo, viganja nimeviunganisha kama malaika. Watu wote wa benchi la mbele waliinuka isipokuwa Mama Pelagia. Alibaki ameinamisha kichwa, na mumewe kando yake akiwaamkia wapitao, wakubwa kwa watoto. Alijihesabu kuwa ameua akili ya mume wake, na mimi ndiye niliyemthibitishia. Nikatoka kwenye foleni.

Kesho yake nilimweleza Daktari Anselm, na taarifa ya kweli nikaiandika kwa mkono wangu. Kazini watanifanya watakavyo. Kisha nikarudi Itetemia, nyumbani kwao.

Nilimkuta Mama Pelagia uani akipepeta mahindi, Mzee ameketi kwenye kiti. Nikamweleza yote, kitambaa, ugoko, mashine iliyonikera, "mkononi" niliyomdanganya daktari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Kwa hiyo si uji," akasema.

"Si uji, mama. Ni mimi."

"Tangu siku ile sijapika uji kwenye nyumba hii. Akiuona kwa jirani anauonyesha kwa kidole, namnyima."

Akaweka ungo chini. Akawasha moto, akateleka sufuria ya maji, akaanza kukoroga unga kwenye bakuli. Hakunifukuza wala hakunikaribisha. Mzee aliniona, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Usimwamkie huyo, mume wangu!" Mama Pelagia aligeuka, mwiko mkononi. "Huyo ni mtoto. Anayepaswa kuamkia ni yeye."

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikamshika miguu, miguu kweli, na kiganja changu kikakaa palepale kwenye ugoko nilipofunga kitambaa.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinitazama kwa adabu, midomo ikitafuta neno. Nikamgeukia mkewe, maana mke anaweza kumpokelea mumewe salamu. Uji ulikuwa umeanza kuchemka. Mama Pelagia aliendelea kukoroga, akajaza vikombe viwili, kimoja akampa mumewe, kingine akabaki nacho.

Nilikaa pale chini hadi magoti yakafa ganzi. Hakuna aliyesema marahaba.