Kubernetes Ilishinda

Ephraïm na Alphonse walifahamiana wakati familia nyingi zilipokuwa zikihama kutoka Beni na Butembo kuja Bunia. Alphonse alikuwa ametangulia kufika, tena alimzidi Ephraïm umri kidogo. Kwa hiyo Ephraïm alimwita yaya, na Alphonse akamwita mudogo, ingawa hawakuwa ndugu wa tumbo moja. Walipanga chumba kimoja katika mtaa wa Ngezi. Kompyuta ilikuwa moja, ya Alphonse, yenye kioo kilichopasuka pembeni, na ndiyo waliyojifunzia wote: mmoja akiandika, mwingine akichungulia juu ya bega lake na kumkosoa.

Wakaja kupata kazi pamoja kwa Maman Emerance, mkurugenzi wa shirika dogo lililoendesha vituo vya afya mjini na nje ya mji, hadi Marabo. Walitunza programu za vituo hivyo: ya kuandikisha wagonjwa, ya dawa, ya majibu ya maabara. Zote zilikaa ndani ya mashine moja kubwa. Kila ilipozimika, wauguzi walirudi kwenye karatasi, na wagonjwa wakashinda kwenye mabenchi wakingoja.

Maman Emerance akanunua kompyuta tatu ndogo zilizokwisha kutumika. Vijana wake walikuwa wamemweleza mpango: kila programu ifungwe ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba kila kitu ambacho programu hiyo inahitaji, halafu mashine zote tatu ziunganishwe ziwe kundi moja. Moja ikifa, vifurushi vyake vinaamka kwenye nyingine. Kilichobaki ni kuchagua chombo cha kusimamia kundi lenyewe, na hapo ndipo walipoachana njia.

Alphonse alitaka Docker Swarm, chombo chepesi, ambacho alikuwa amekwisha kukijaribu. Ephraïm alitaka Kubernetes, katika umbo lake dogo liitwalo K3s. Mwanzoni ubishi ulikuwa mtamu. Walibishana wakila, walibishana wakifua nguo, hata kanisani walinong'onezana mpaka mama mmoja akageuka kuwatazama.

Halafu ikaja siku ya kikao. Walikuwa wanne mezani: wao wawili, Maman Emerance, na Dorcas, mhasibu.

"Swarm tunaijua," Alphonse alisema. "Ikiharibika, minajua ni fasi gani ya kugusa. Ile ingine iko na mambo mingi, na siye tuko batu wawili tu."

"Juu tuko wawili, njo maana tunahitaji ile inafanya kazi mingi yenyewe," Ephraïm akajibu.

Maman Emerance alikuwa akimtazama Alphonse. Alizoea kumwamini, kwa sababu Alphonse hakuwa mwepesi wa kuahidi. "Alphonse, weye njo mukubwa," alisema. "Kama unaona ile iko muzuri, tufanye vile."

Ephraïm aliona jambo linamponyoka. Alikuwa na hoja nyingine, tena nzuri, alizokuwa amezitayarisha. Lakini kilichomtoka mdomoni hakikuwa mojawapo ya hoja hizo.

"Maman, musimufuate juu ya ukubwa. Yaya Alphonse hakumalizaka hata institut. Anashikilia ile anajua juu ingine hataiweza."

Ilikuwa kweli. Alphonse aliacha masomo kabla ya mwaka wa mwisho wa sekondari, baba yake alipouawa shambani na wadogo zake wakabaki mikononi mwake. Siri hiyo alikuwa amemwambia Ephraïm peke yake. Pale kazini watu walimwita injenia tangu siku ya kwanza, hakuna aliyemwuliza diploma, naye hakupata nguvu ya kuwasahihisha.

Dorcas aliinamisha macho. Alphonse hakuonyesha hasira. Alimtazama Ephraïm kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mahali asipomfahamu mtu.

"Ni kweli," akasema. "Sikumaliza. Mutumie Kubernetes."

Waliifunga pamoja. Alphonse alifanya sehemu yake kwa uangalifu uleule wa siku zote, akaunganisha mashine, akapima kila kontena, akamwonyesha Ephraïm kosa ambalo lingewasumbua mbele. Ila sasa aliongea mambo ya kazi tu. Nipe kebo. Zima ile ya pili. Hakumwita tena mudogo, alimwita Ephraïm. Baadaye akahama chumba. Baadaye tena akasema anakwenda Mambasa, kwa mjomba wake anayeuza mbao.

Maman Emerance alimsihi abaki. Diploma haikumhusu, alisema, yeye aliona kazi. Alphonse akashukuru kwa heshima na kwenda. Ephraïm alimbebea begi hadi kwenye gari. Alikuwa na neno la kuomba radhi, lakini akajiambia ni afadhali amwache kwanza apoe, atamwandikia. Hakuandika.

Na chombo kilifanya kazi. Hilo ndilo lililomfunga Ephraïm: hakuwahi kupata sababu ya kusema alikosea. Siku moja mvua kubwa ilinyesha, radi ikaunguza mashine moja. Ephraïm alikimbia hadi ofisini akiwa ameloa. Kwenye kioo aliona kontena zikizimika moja moja, kisha zikiwaka kwenye mashine mbili zilizobaki, kama walivyokuwa wakiota kule Ngezi. Katika vituo hakuna muuguzi aliyejua kama kuna kilichotokea. Ephraïm aligeuka kutafuta mtu wa kumwonyesha. Dorcas alikuwepo.

"Zimehama zenyewe!" alimwambia. "Umeona?"

Dorcas akachungulia kioo. "Basi muzuri," alisema, akarudi kwenye hesabu zake.

Ephraïm aliketi hapo, suruali ikidondosha maji, akatamani sana kusikia mtu akimkosoa juu ya bega.

Vituo viliongezeka, na Maman Emerance akaona mtu mmoja hatoshi. "Tafuta mutu wa kukusaidia," alimwambia.

"Minajua mumoja," Ephraïm akasema.

Alimkuta Alphonse kwenye kiwanja cha mbao pembeni mwa barabara ya Mambasa, penseli sikioni, amenenepa kidogo. Alphonse alicheka kwa mshangao wa kweli, akampeleka nyumbani kwa mkewe, Gracieuse, aliyewapakulia bugali na sombe, majani ya muhogo. Walipokwisha kula, Alphonse hakuweza kujizuia.

"Data ya wagonjwa uliweka wapi? Juu kontena ikihama, data haihami yenyewe."

"Kila mashine iko na kopi yake."

"Ah. Ile njo niliogopaka." Akavuta kipande cha ubao, akachora miraba mitatu. "Na hizi mbili zikikatana, zisiongee tena, ya tatu inasikiliza nani?"

Ephraïm akachukua penseli. Walichora, wakafuta, wakabishana mpaka Gracieuse akawauliza kama wanagombana. Alphonse alikuwa na maswali mengi, kama mtu aliyeyaweka muda mrefu bila wa kumpa. Kwa saa ile Ephraïm aliamini kila kitu kimerudi.

"Yaya, rudi," akasema. "Maman Emerance anakungoja. Mimi nilikosa siku ile."

Alphonse aliweka ubao chini.

"Ulisema kweli. Kama ungesema bongo, kitu haiko kweli, ningekasirika siku mbili, ikaisha. Lakini ulichukua kitu nilikuambia siye wawili, juu ya kifo ya baba, ukaitumia kwa kushinda mambo ya mashine. Ya mashine, Ephraïm."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Haiko ile." Alitafuta maneno. "Tukikaa tena kwa meza moja, kila mara nikisema kitu, nitakuwa naangalia mudomo yako. Siwezi kufanya kazi vile."

Gracieuse akaleta maji ya kunawa, wakaongea habari za barabara na bei ya kakao. Asubuhi Alphonse alimsindikiza hadi kwenye gari, akamwambia dereva amweke mbele, ambako vumbi ni kidogo.

Mwisho wa mwaka simu ya Ephraïm ililia: ujumbe wa Alphonse. *Bonne année, Ephraïm. Gracieuse anakusalimia.* Ephraïm alianza kuandika. Aliandika kuhusu ile radi, kuhusu Dorcas, na kwamba siku ile ya kikao alikuwa na hoja nyingine tatu na yoyote ingetosha. Aliyasoma yote, akaona hakuna neno ambalo Alphonse hakulijua tayari, akayafuta.

*Aksanti,* akaandika. *Na nyinyi pia.*